Jezi za Kiwanda Kinachofungwa Jumamosi

Shangazi Ateca mpendwa, naomba unitoe kwenye tope nililoliingia kwa miguu yangu mwenyewe. Nina kiwanda cha mikate hapa Sigatoka, biashara inakwenda vizuri namshukuru Mungu, mimi ni Msabato kwa hiyo Ijumaa jua likizama tanuri linazimwa hadi Jumapili na wateja wameshazoea, sasa juzi madereva wangu wamekuja na mkeka wao wakaketi chini, nahodha wa timu yao Apenisa akaniwekea mbele kifurushi cha mizizi ya kava, ile ya kutengenezea kinywaji cha kulegeza mwili, akasema, "Mama, tunakuja kwako kama watoto, tuvalishe," yaani kampuni iwanunulie jezi za raga zenye jina letu kifuani, na mimi nisiyeonja kava nikaipokea kwa adabu tu, nikapiga makofi kama nilivyofunzwa na mama, ndipo nikakumbuka ligi yao huchezwa Jumamosi. Kaka yangu Maciu, mbia wangu, anacheka mpaka machozi: "Dada, kampuni haina dini. Hilo ni tangazo." Nawapenda vijana hawa, lakini jina la kiwanda likikimbizwa uwanjani siku ya Sabato, kanisani nitainuaje uso? Na nikikataa, wao watanionaje?
Mama Mikate

Mama Mikate, pole, ingawa na mimi nimecheka. Umezaliwa Fiji, umekulia Fiji, halafu unapokea kava "kwa adabu tu"? Ulipopiga makofi ulishakubali. Jezi utanunua, hilo tusilijadili tena.

Ila Maciu asikubabaishe. Kampuni haina dini, sawa, lakini ina mwenyewe, na mwenyewe ana moyo. Hivi umewahi kujiuliza kwa nini madereva wako wana timu? Ni kwa sababu Jumamosi wako huru. Sabato yako ndiyo iliyowapa hiyo raga, mama, na wewe unaiogopa.

Kesho asubuhi, kabla magari hayajatoka, mwite Apenisa mbele ya wenzake umwambie ukweli: jezi mtapata, kifua kitupu bila jina la kiwanda, na sababu ni hii. Hawatakasirika, wanakujua. Zikabidhi Alhamisi. Uwanjani usiende. Jumapili wapelekee mikate ya tui, wameshinda au wamepigwa, na ile kava wape wanaokunywa. Maciu akitaka tangazo, atoe pesa zake apake rangi ukuta.

Wala usihofu kwamba msaada wako utapotea. Timu ikitoka na kifua kitupu, Sigatoka nzima itajua ni vijana wa kile kiwanda kinachofungwa Jumamosi.