Grafu ya Bani Namba Tatu

Alhamisi, 6 Machi 1975
Bani namba tatu la kukaushia limejazwa tumbaku. Moto umewashwa saa mbili asubuhi. Kazi yangu ni ile ile: kuchungulia kipimajoto kwenye kidirisha kila baada ya saa mbili, kuweka nukta kwenye karatasi ya grafu, kumwambia mchochea moto aongeze kuni au apunguze. Usiku anapokea mwenzangu Anton. Mchochea moto wa mchana ni Mama Tekla, mjane, aliyehamishiwa hapa na Operesheni Vijiji mwaka jana. Wamempa kibanda pale pale banini. Namba hasomi. Kuni anazijua kuliko mimi ninavyozijua namba.

Somo la tano la kozi yangu ya hesabu kwa njia ya posta limeniingia. Kiingereza chake kigumu, lakini hesabu yenyewe ni bani tupu! Kanuni ya vipande. Siku mbili za kwanza nyuzi 95 za Farenhaiti, mstari umelala — majani yapate njano. Kisha unapanda polepole mpaka 130, jani likauke. Kisha 160, ukauke uti wa jani. Kila kipande na sheria yake.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne: 104. Inapanda vizuri. Lakini majibu ya somo la tano yasipoondoka leo nitafutwa kwenye kozi, na posta ya Sikonge inafunga saa sita. Nikamwambia Mama Tekla naenda Sikonge, aendelee kuongeza kuni vile vile mpaka nirudi. Akaitika. Nikapanda baiskeli.

Barua imewahi, mimi sikuwahi. Pancha mara mbili, mchanga mpaka kwenye ringi. Nimefika saa kumi — 148! Mama Tekla bado anachochea kama nilivyomwagiza, jasho linamtiririka. Amekuja nyumbani kwangu mara mbili kuangalia kama nimerudi, akakuta kufuli. Tukavuta kuni zote nje, tukafungua matundu ya hewa.

Saa kumi na mbili: 118. Ndipo hasa panapotakiwa.

Nukta mbili za katikati sina. Ya tatu, ya saa kumi, haifai. Nimeweka 108, 112, 115. Mstari umenyooka. Umependeza, kusema kweli.

Jumatano, 12 Machi
Bani limefunguliwa. Majani kahawia, kama yaliyochemshwa. Bani zima limeharibika. Mzee Kashindye, mwenyekiti wa kijiji, alishika moja, likamvunjikia mkononi. Akaondoka bila kuaga.

Mchana nimekula vizuri tu. Najishangaa.

Ijumaa, 14 Machi
Bwana Shamba Alois amekuja kutoka wilayani. Akaitaka grafu. Akaiangalia muda mrefu, akanisifu — hajaona karani wa kijiji anayechora hivi. Kisha akasema joto lilikuwa sawa siku zote, kwa hiyo kosa si moto. Ni mkono wa mtu. Kuna aliyefungua mlango mchana, majani yakiwa mabichi. Na anayeshinda pale ni nani?

Mwenyekiti akatamka neno hujuma. Hakuna aliyelirudia.

Kikao baada ya Pasaka, Katibu Kata awepo. Mama Tekla akipatikana na hatia anatoka banini, anatoka kibandani, jina lake linapelekwa wilayani. Nilikuwepo nikiandika kumbukumbu.

Jumapili, 16 Machi
Nimemkuta Mama Tekla akitoka kanisani. Shikamoo. Marahaba, baba. Nikamwuliza mbona hakuwaambia kwamba sikuwepo. Akasema ni vibaya kumtaja mtoto wa watu mbele ya kadamnasi, tena mtoto aliye mbali na mama yake. (Mama yuko Ipuli, ninamwandikia kila mwezi kwamba mambo safi.) Na tena ya nini, akasema. "Wewe si umechora kila saa? Karatasi itawaonyesha hukuwepo. Yenyewe haina chuki na mtu."

Nikaitikia. Nimeitikia tu, kama mjinga. Naona aibu. Naiandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi.

Jumapili, 30 Machi
Pasaka. Ngoma kanisani tangu asubuhi. Sijafanya lolote.

Jumatano, 2 Aprili
Majibu ya kozi yamefika. Saba kwa kumi. Swali la nne nimekosa: nimeunganisha vipande viwili mahali ambapo hapakuwa na kanuni yoyote. Mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu, kwa Kiswahili, sijui kwa nini: "Usipopewa kitu, usichore. Inua kalamu."

Nimecheka. Halafu nimeisoma tena.

Alhamisi, 3 Aprili
Kikao. Watu mpaka madirishani. Grafu imebandikwa ukutani, Bwana Shamba akaieleza kwa fimbo, kipande kwa kipande. Akaeleza vizuri. Mama Tekla akaulizwa kama ana la kusema. Akasimama, akajifunga khanga upya. Hakulalamika. Akaomba jambo moja.

"Karani atuonyeshe kwa kidole hapo alipokwenda Sikonge."

Bwana Shamba akageuka kuniangalia. Mwenyekiti akasema adhuhuri imeingia, wa kusali wakasali, tukirudi mimi, Lukumani, niieleze karatasi yangu mwenyewe. Nikaibandua.

Niko nyuma ya ofisi. Sikwenda kusali. Grafu iko gotini. Nimefuta kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili za Jumamosi ile. Pengo ni pana kuliko nilivyodhani — vidole vitatu vinaingia. Raba imeondoa penseli, lakini mkwaruzo umezama. Ukiinamisha karatasi juani, mstari wote unauona.

Saa kumi, 148. Nukta hiyo sijaiweka. Penseli nimeichonga.

Wanarudi. Mzee Kashindye anaita jina langu. Kutoka hapa namwona Mama Tekla dirishani, kwenye benchi la mbele. Amesogea pembeni, amenitengea nafasi.