Kadi ya Bibi Dulcie

Tarrabee, Victoria
Jumapili jioni

Kwa dada yangu mpenzi Rosalind,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini hujambo huko Darwin, na kwamba joto na zamu za hospitali havijakuchosha. Sisi ni wazima. Mama anakusalimu, na mbwa amepona mguu.

Uliuliza habari za darasa la Mama. Kila Jumamosi wanawake tisa hukusanyika bandani kwetu, wanakunywa chai, kisha kila mmoja anafinyanga kwa udongo sehemu yake ya siri, kama alivyoiona kwenye kioo nyumbani kwake. Mama huwaambia hakuna iliyoumbwa vibaya. Wanacheka mpaka majirani wanasikia, wengine hulia. Mimi huwapelekea biskuti nikitazama sakafu.

Shuleni wamejua. Bridie wa darasa letu aliniuliza mbele ya wote, "Haya Philippa, na vikombe vyenu vya chai mama yako amevifinyanga hivyo hivyo?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka nao, dada. Nikasema Mama anafinyanga maua tu.

Unamkumbuka Bibi Dulcie, jirani anayetuletea jamu ya plamu? Ana miaka sabini na minne, naye alijiunga. Alimwambia Mama kwamba amezaa watoto wanne bila kujitazama hata mara moja, kwa sababu marehemu mumewe alimwambia usiku wa harusi kuwa huko chini ana sura mbaya. Kazi yake ilimchukua wiki sita. Alipoimaliza aliifunika kwa taulo safi, kama mkate unaosubiri kuumuka.

Mwezi huu Mama alipata meza kwenye maonyesho ya kilimo, kati ya keki na maboga. Kila mwanamke aliandika kwenye karatasi maneno yake kuhusu kazi yake, nami, kwa kuwa mwandiko wangu husifiwa, nikapewa kuyanakili kwenye kadi. Nikazipanga peke yangu, Mama akiwa zamuni kwenye meza ya chai.

Mwamuzi aliweka utepe wa bluu wa mshindi wa kwanza kwenye kazi ya Bibi Dulcie, akampongeza mbele ya watu kwa ua zuri sana la okidi. Bibi alisoma kadi, akairudisha mezani. Baadaye alimwambia Mama kwa sauti ndogo kwamba bila shaka kamati ya maonyesho imebadilisha maneno yake kwa kuona sehemu yake haifai hata kutajwa. Mama akaifokea kamati, na mpaka leo hasemi nayo.

Dada, haikuwa kamati. Ni mimi. Niliandika "Okidi", "Waridi", "Ganda la Kombe", kadi zote tisa, kwa sababu Bridie angepita pale na wazazi wake. Nimeona haya kwa ajili ya Mama, na sasa najionea haya mwenyewe, na haya hii ya pili ni nzito zaidi.

Karatasi ya Bibi ninayo. Leo nimeinakili kama alivyoandika: "Huu ni uke wangu. Nilichelewa kuupenda." Sikuwa nimewahi kuliandika neno hilo.

Mama yuko bandani anaosha vifaa. Nikishafunga bahasha hii nitamwambia, kisha nitamwomba tufuatane kwa Bibi Dulcie na kadi yake. Niombee atufungulie mlango.

Jitunze, ule vizuri, na usiache kuniandikia hata kama umenikasirikia.

Mdogo wako akupendaye,
Philippa