Kandambili Pea Kumi na Mbili na Barua Isiyo na Jina

Mpendwa Mshauri,

Nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si rafiki yangu wa darasani, si hata daftari ninalolificha chini ya godoro, na ninakuandikia wewe kwa sababu hunioni uso. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nipo kidato cha tatu, nikisimamishwa darasani kujibu swali sauti hunikauka, lakini nikipewa karatasi naandika mpaka wino uishe, na hilo ndilo lililoniponza.

Mama yangu ni mhudumu wa choo cha wanawake katika klabu moja kwenye mtaa wetu wa starehe. Mchana ukipita hapo hutaamini ni mtaa uleule, maana milango imefungwa, viti vimepinduliwa juu ya meza, na mtu pekee unayemwona ni mfagiaji akikusanya vifuniko vya chupa. Miaka minne iliyopita Mama alichoka kuwaona wasichana wakitoka pekupeku, viatu virefu mkononi na barabara imejaa vipande vya chupa, akanunua kandambili pea kumi na mbili akaziweka kwenye beseni karibu na sinki. Msichana anayeumwa miguu, au ambaye Mama hapendezwi na anavyotembea, huvalishwa kandambili kwa sharti moja tu, kwamba kesho yake kabla ya saa kumi jioni azirudishe nyumbani kwetu yeye mwenyewe. "Sitaki asante," Mama huwaambia, "nataka kandambili zangu." Zikirudi, Mama anajua mtoto wa watu alifika salama. Zisiporudi, anafunga kilemba chake na kutoka kwenda kuuliza.

Kazi yangu nikitoka shule ni kuzifua na kuzianika kwenye ukingo wa ngazi. Kila pea ina kitambaa chekundu kilichotariziwa namba, na aliyevishona ni fundi cherehani wa chini yetu, rafiki wa Mama tangu kabla sijazaliwa. Hawa wawili hupigiana kelele ngaziani siku nzima. "Wewe wa juu, unafua au unaniogesha?" "Wewe wa chini, sogeza vitambaa vyako, mvua haina adabu!" Mimi huwa nasoma katikati yao na sijawahi kusumbuka.

Sasa mambo yamebadilika. Zamani klabu ilikuwa na bendi, watu wakija wawili wawili, na baunsa akiwauliza hali za watoto wao. Bendi imeondolewa, kuna dijei, wateja wengi wamenizidi miaka michache tu, kila mtu ameinua simu, na meneja mpya amezima taa za korido ya kwenda chooni kwa sababu eti mwanga unaharibu picha. Mama anasema siku hizi wasichana wanaingia chooni wamelegea, na walichoshika ni soda tu, soda ambayo mtu amewatilia kitu.

Mwezi uliopita alirudi nyumbani mkono umefungwa bandeji, nikamuuliza, akasema, "Nimeteleza kwenye sabuni." Nikaamini. Siku mbili baadaye baunsa, ambaye sote tunamwita Kaka Mlima, alileta pea namba nne iliyosahauliwa mlangoni, na kwa kuwa hakujua kwamba sijui, akaanza kumsifu. "Mama yako si mchezo! Yule bwana kaja kumchukua binti aliyelegea, kasema ni binamu yake. Mama yako kamuuliza, haya binamu, anaitwa nani? Jamaa jina halijui. Akamsukuma, Mama yako kaangukia mkono, lakini mlango hakuuachia mpaka nikafika."

Mshauri, usingizi ulinitoka. Kesho yake nilikaa kwenye kompyuta ya maktaba ya shule, ambako humsaidia mkutubi kupanga vitabu, nikaandika barua kwa ofisi ya jiji nikaitia kwenye sanduku lao la maoni. Nilitia sahihi "Mkazi Mwenye Wasiwasi". Ili nisijulikane, sikumtaja Mama, wala bandeji, wala kandambili. Badala yake niliandika kwamba mtaa wetu umegeuka jahanamu yenye taa za rangi, kwamba choo cha wanawake ni mahali pa hatari, na nikamalizia kwa sentensi niliyoipenda sana hata nikaisoma mara tano: "Wala hakuna hata mtu mmoja anayewajali mabinti hawa."

Barua ile ikasomwa kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa. Meneja akamgeukia Mama mbele ya watu wote na kumuuliza, kama choo ni mahali pa hatari, yeye anafanya nini mle? Mama alirudi nyumbani akakaa kitandani bila kuvua viatu, akasema, "Hakuna hata mtu mmoja. Ndivyo walivyoandika." Halafu akaamua kwamba mwandishi ni fundi cherehani, kwa kuwa fundi amewahi kulalamika kwamba muziki unatikisa madirisha yake, na tangu siku hiyo hazungumzi naye. Fundi hakukana wala hakukubali, anaendesha cherehani yake tu. Wiki ya tatu sasa ngazi iko kimya. Kitambaa cha pea namba tisa kilifumuka, na Mama akakishona mwenyewe kwa uzi mweusi, upande upande.

Ofisi itaamua Jumamosi ya wiki ijayo kama klabu inyang'anywe leseni, na meneja ameshasema kwamba hata ikibaki, Mama ataondoka. Nikikiri, Mama atajua kwamba aliyeandika "hakuna anayejali" ni mimi ninayezifua kandambili zile kila siku. Nikinyamaza, atapoteza kazi na rafiki. Na niseme ukweli wote, kuna sehemu ndani yangu inayotaka klabu ifungwe ili asisukumwe tena. Nifanye nini? Tafadhali usichapishe kitu kitakachowafanya wanijue.

Ni mimi,
Mkazi Mwenye Wasiwasi

*

Binti yangu,

Ngoja kwanza nikucheke kidogo. Umeniomba nikufiche, kisha ukanihesabia kandambili, ukanitajia hata namba za pea na rangi ya uzi! Nikiichapisha barua hii, mama yako atakujua kabla chai yake haijapoa. Kwa hiyo jibu hili nakutumia kwa anwani ya maktaba ya shule yenu uliyoiandika nyuma ya bahasha, na halitaingia gazetini mpaka wewe na mama yako mniruhusu.

Sasa nisikilize. Hukukosea kuandika. Ulimwogopea mama yako, na mtoto mwenye haya asiyeweza kusimama mkutanoni akishika kalamu, mimi simlaumu. Lakini ulikuwa na korido iliyozimwa taa, ulikuwa na mkono ulioumizwa, na ulikuwa na mwanamume asiyelijua jina la binamu yake. Vyote hivyo ukaviacha nje, ukaweka jahanamu. Mwanangu, ofisi ya jiji haina fundi wa jahanamu. Fundi wa taa inaye.

Na ile sentensi yako ya mwisho uliisoma mara tano, hata mara moja hukujiuliza kama ni kweli. Ulikuwa umetoka kumfulia kandambili mtu anayejali kuliko wote mtaani. Uliipenda ilivyolia, basi. Hilo ndilo kosa, na ni la kwako peke yako, usilifunike kwa machozi.

Kuhusu klabu kufungwa, naelewa unachokitaka na bado nasema hapana. Vijana hawataacha kucheza. Watahamia mlango mwingine, na huko chooni hatakuwepo mtu wa kuuliza, "Anaitwa nani?"

Utafanya hivi. Leo, si kesho, mwambie mama yako kwa mdomo. Sauti ikikauka, kunywa maji, endelea. Anza kwa kumwambia unajua habari ya mkono, kwa sababu na yeye ana la kujibu: mtu mzima asiyesema ameumizwa anamfundisha mtoto wake kuandika barua zisizo na jina. Mwambie nimesema mimi, akitaka kugomba anajua gazeti lilipo. Kisha shuka ngazi hiyohiyo ukamwambie fundi cherehani, peke yako, bila kumtanguliza mama. Halafu chukua karatasi, mama yako aseme na wewe uandike, na barua hiyo iwe na jina lake chini. Ukiona umeandika neno ambalo yeye halitumii, likate.

Kalamu unayo, mwanangu, na ni nzuri. Uliyoacha kuwapa watu wa ofisi ya jiji, kawape sasa.

Mshauri wako

*

Mpendwa Mshauri,

Mama amesema unaweza kuchapisha. Amesema pia atakuja kugomba akipata nafasi.

Barua yako niliisomea maktaba, na siku hiyohiyo nilimwambia tukiwa tunafua. Nilianza na mkono, kama ulivyosema. Akaacha kusugua.

"Nani kakwambia?"

"Kaka Mlima."

"Mdomo wake mpana kama mabega yake."

Nikanywa maji, nikamwambia na ile barua. Hakupiga kelele. Alimaliza pea namba sita, akaianika, akajifuta mikono, ndipo akaniuliza, "Mkazi Mwenye Wasiwasi ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Wewe unayezifua hizi?"

"Ndiyo, Mama."

Alikaa kwenye ngazi. Mimi nililia, sikuweza kuzuia. Mwisho akasema, "Ungeniuliza, mwanangu. Ningekwambia nani anajali." Kisha, akichukua pea nyingine, "Na mimi ningekwambia ya mkono. Haya, tumedanganyana. Sogeza beseni."

Nikashuka kwa fundi cherehani. Nilikiri nimesimama mlangoni, na hakuacha hata kukanyaga cherehani.

"Nilijua siku ileile iliposomwa. 'Wala hakuna hata mtu mmoja.' Nani mwingine mtaa huu anazungumza hivyo? Si unanisomea gazeti kila Jumapili kwa sauti hiyohiyo?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nikuchongee mtoto niliyemshonea nepi? Nilikuwa nakusubiri ushuke. Umechelewa, lakini umeshuka."

Nilimweleza Mama yote. Akaona aibu kwa kumshuku rafiki yake bure. Kwa siku kadhaa walipishana ngaziani kwa "habari" na "nzuri" tu, kama watu waliokutana benki.

Barua ya pili tuliandika mezani, Mama akisema na mimi nikiandika. Nilijaribu kuingiza "kadhalika" akaniambia niitoe, nikaitoa. Ilianza hivi: "Mimi ni mhudumu wa choo cha wanawake. Nina kandambili pea kumi na mbili, na nitawaambia kwa nini." Aliomba taa za korido ziwashwe, apewe mhudumu wa pili, na mtu aliyelegea asitolewe mlangoni na yeyote asiyeweza kutaja jina la huyo anayemtoa. Jumamosi, kwenye kikao cha ofisi ya jiji, aliisoma mwenyewe, miwani imeteremka puani. Kaka Mlima alisimama akasema aliyoyaona. Wasichana wawili ambao hata siwajui walisimama wakasema wao ni pea namba mbili na pea namba kumi, watu wakacheka, lakini mmoja wao alikuwa analia. Fundi cherehani alikaa nyuma kabisa, na alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Leseni haikuondolewa. Meneja amepewa mwezi mmoja kutimiza aliyoyaomba Mama, ameambiwa Mama asiguswe, na taa za korido ziliwashwa Jumanne. Mhudumu wa pili bado hajaja. Wasichana bado wanaingia wamelegea na soda mkononi, kwa hiyo siwezi kukuandikia kwamba mtaa umepona.

Jumapili iliyofuata tulifua kandambili kama kawaida. Sikumwuliza mtu. Nilichukua pea namba tisa, bado ina maji, nikashuka nayo nikaiweka mbele ya fundi. Aliinua ule uzi mweusi kwa ncha ya mkasi, akautazama, halafu akapaza sauti mpaka juu kabisa ya ngazi.

"Hii kashona nani? Kuku?"

Nilisikia maji yakidondoka kutoka ukingoni, tone baada ya tone. Kisha sauti ya Mama ikateremka.

"Kuku ni wewe, na madirisha yako!"

Fundi aliukata uzi mweusi, akautupa, akatafuta mwekundu. Mimi nikakaa ngaziani, katikati yao, nikafungua kitabu.