Mume Wangu Alikula Ladu ya Hekaluni, na Mpaka Leo Hajui

Shangazi Prudensia, shikamoo. Naomba unisaidie na unijibu kabla ya Jumamosi, maana nikikaa na jambo hili peke yangu wiki moja zaidi nitaugua.

Mimi ni Mtanzania, nakaa Missouri City, pembeni ya Houston hapa Texas, kazi yangu ni unesi, ni Mkatoliki, na mume wangu nitamwita Baba Vicent, yeye ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu na ndiye msoma masomo kwenye misa ya Kiswahili kule Alief, mtu ambaye hata karata hataki kuziona mezani, na mtoto wetu wa kwanza, Vicent, amepata mchumba, binti wa Kihindi anaitwa Lavanya, wazazi wake wanaishi Irving, karibu na Dallas, na dini yao ni Kihindu, na binti mwenyewe, Shangazi, sina la kumsema, ananiamkia kwa Kiswahili, anaingia jikoni kuniuliza ndizi zinamenywaje bila kuchafua mikono, nampenda.

Desemba iliyopita tulialikwa India kwa sababu bibi yake Lavanya, wanamwita Ajji, amezeeka na hawezi tena kupanda ndege, akasema hamtoi mjukuu wake kwa watu ambao hajawaona kwa macho yake, basi tukaenda, sisi na vijana na wazazi wa Lavanya, tukafikia Bangalore, na ilipofika mwisho wa wiki Ajji akakodi gari kubwa la kututosha sote akasema twende tukaone mahekalu ya kale, Belur na Halebidu, yaliyochongwa karne nyingi zilizopita, ndiko marehemu mumewe alikompeleka walipooana. Baba Vicent hakusema neno mpaka tumeshakaa kwenye gari, ndipo akaninong'oneza kwamba yeye hatashuka.

Na kweli hakushuka. Alibaki na dereva kwenye maegesho ya Belur, rozari mkononi, vioo vimefungwa, mimi nikamwambia nakwenda kwa ajili ya mtoto, nikavua viatu nikaingia na soksi. Shangazi, sijawahi kuona kitu kama kile. Ukuta mzima umechongwa, huku chini tembo wamepanga mstari na hakuna anayefanana na mwenzake, juu yao farasi, juu tena watu, na karibu na paa wanawake wa mawe, mmoja anajitazama kwenye kioo, bangili zake unaona kabisa zimeachana na mkono, nikasimama pale nikasahau nimekuja na nani, Lavanya akanishika kiwiko akasema, "Mama, twende, wanatungoja." Nilipenda, Shangazi, na hilo nalo linaniogopesha, kwa sababu sikujua kama mtu wa kanisa anaruhusiwa kupenda vile.

Tulipokuwa tunatoka, Ajji akapokea kwa kuhani wao ladu, zile tamutamu za mviringo kama zile za maduka ya Wahindi Mwanza, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu zimewekwa kwanza mbele ya sanamu, akanitia moja kiganjani, akanitia na ya pili, akanyoosha kidole kule lilikokuwa gari, maana yake hiyo ya pili ni ya Baba. Kwetu nimefundwa kwamba anachokupa mkwe mkononi hukirudishi, na kanisani nimefundishwa mengine, basi sikula na sikukataa, nikainama nikasema asante, nikazikunja kwenye tishu nikazitia kwenye mkoba, nikajiambia nitajua la kufanya mbele ya safari.

Sasa Baba Vicent alikuwa ameshinda na njaa, chakula cha mchana alikigomea kwa kuwa eti hajui kimesomewa nini, na tulipokuwa njiani kwenda Halebidu akaniomba vidonge vyake vya presha, mimi nilikuwa nimegeuka namsikiliza mama yake Lavanya, akauchukua mkoba mwenyewe akapekua, na nilipogeuka nikamkuta anatafuna. Akasema, "Mama Vicent, hizi ladu umezinunua wapi? Hizi zinashinda za Mwanza!" Nikasema nimenunua pale tulipotia mafuta. Akala na ya pili. Ajji alikuwa amekaa mbele, Kiswahili hajui, akageuka akamwona analamba vidole, basi yule mzee akakutanisha viganja vyake na machozi yakamtoka, na mume wangu akamwinamishia kichwa kwa heshima, akidhani anasalimiwa.

Tulilala mji unaoitwa Hassan, na Jumapili asubuhi, kabla sisi hatujauliza, Ajji alikuwa ameshamtuma dereva akatafute kanisa la Kikatoliki, akatupeleka mwenyewe, akavua ndara zake mlangoni, akajitanda sari kichwani, akakaa benchi la nyuma mpaka misa ikaisha. Baba Vicent alifurahi sana.

Tuliporudi Houston akasimama kwenye jumuiya akatoa ushuhuda. Alisema, "Nimekaa nao kutwa, nimefika mpaka kwenye masanamu yao, na sikuonja hata maji." Wakapiga makofi, na mimi nilikuwa nimeshika sinia la maandazi nikatamani sakafu inimeze. Sasa harusi ni Juni, ndoa ya kanisani itafungwa huku kwetu na siku inayofuata kuna ibada ya kwao Irving, ambayo wazazi wa bwana harusi wanatakiwa wakae pembeni ya mtoto wao, na Baba Vicent ametamka kwamba kanisani atakuwepo lakini Irving hatakanyaga. Vicent alipiga simu, nikaweka spika, akasema, "Mama, niko serious. Kama Dad hatakuja Irving, asijisumbue ku-call tena. Na mimi sitakuja nyumbani, Christmas wala Easter." Baba yake akasema, "Sawa," akatoka nje kumwagilia majani.

Jumamosi hii wazazi wa Lavanya wanaendesha kutoka Irving kuja kwetu kusikia jibu, na mimi, Shangazi, ulimi unaniwasha, kila akianza kuhubiri natamani kumwambia wewe usiyeonja kitu ulikula mbili ukalamba na vidole, nimwambie mbele yao wote ili ashuke alikopanda, halafu naogopa, ataacha kukomunika, atajiuzulu uenyekiti, ataniona nimemfanyia makusudi, labda hata huyo binti atamchukia kabisa, na nikinyamaza naogopa mtoto ndiyo ameondoka hivyo. Na hii ni Kwaresima, nimekaribia kwenda kuungama na sijui hata dhambi hii ni ya nani. Usiku sipati usingizi. Niseme au ninyamaze?

Mama Vicent, Missouri City (majina nimeyabadili)

*

Mama Vicent, marahaba. Pole sana. Nimeisoma barua yako nikiwa nacheka, nikafika kwenye simu ya mwanao, kicheko kikaisha. Sasa kaa nikuseme kidogo.

Habari ya dhambi mpelekee padri wako, mimi si padri. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, ila umfupishie, Kwaresima foleni ni ndefu. Ninachokijua mimi ni kwamba mumeo alikula unga, sukari na samli kwa sababu ya njaa aliyojitakia mwenyewe. Hakujua, na hakuabudu kitu. Aliyesema "pale tulipotia mafuta" ni wewe, na huo ndio mzigo wako. Wa mwenzio usiubebe.

Na hao tembo na yule mwanamke wa kioo, ukipenda kazi ya mikono ya watu hujatoka kanisani, dada yangu. Ungesimama pale ukasema ni mbaya, ungekuwa umeongeza uongo mwingine, na ulionao unakutosha.

Tuje Jumamosi. Mbele ya wageni hilo neno usilitoe. Nakukataza kabisa. Najua ulimi unakuwasha, na mimi ungeniwasha, mwanaume aliyepigiwa makofi kwa uongo asioujua anatia hamu ya kumtoboa. Lakini fikiri kitakachofuata. Ukimwaibisha mbele ya wakwe zake hatakwenda Irving Juni wala mwaka mwingine wowote, na kila akimwona yule binti atakumbuka siku aliyochekwa sebuleni kwake. Utakuwa umeshinda na mtoto umempoteza vilevile.

Mwambie kabla, mkiwa wawili. Mwambie mkiwa kwenye gari, huku Houston ndiko wanandoa tunakoongelea, na foleni ya jioni itakupa muda wa kutosha. Usianze na "ulikula". Anza na "nilikudanganya". Sema: "Baba Vicent, zile ladu sikuzinunua. Alinipa Ajji hekaluni, moja yangu na moja yako. Niliogopa kukuambia, naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Atapiga kelele. Muache apige. Atasema umemchafua. Usijibu, na usithubutu kucheka, hata akitaja zile za Mwanza.

Akishatulia, muulize habari za Ajji. Yule mama mtu mzima aliwatafutia kanisa kabla hamjaomba, akavua ndara mlangoni, akajitanda, akakaa mpaka mwisho, na alirudi nyumbani Mhindu vilevile kama alivyotoka. Alifanya hivyo kwa ajili ya mjukuu wake. Mumeo alifurahi kumwona pale. Basi aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa nini yeye hawezi kukaa kwenye kiti pembeni ya mwanawe Irving na akarudi nyumbani Mkatoliki. Sina hakika atajibu nini. Wanaume wa kusimama mbele ya watu wanapata tabu sana kukaa chini. Anaweza kukubali, anaweza kukataa, na akikataa usimbebe mgongoni.

La jumuiya muachie mwenyewe. Akitaka kurekebisha ushuhuda wake atarekebisha, asipotaka hiyo ni hesabu yake na Mungu wake. Wewe usimsaidie kwa minong'ono ya jikoni na akina mama wenzio. Na Ajji mwacheni na furaha yake, hakuna haja ya kumpigia mzee simu mpaka India kumfafanulia machozi yake.

Sasa lile nililolihifadhi, na hapa nitakuudhi. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja nikitafuta kitu kimoja na sijakiona. Umeniandikia Baba Vicent anasemaje, padri atasemaje, jumuiya itasemaje, wakwe wanataka nini. Sijaona popote ulipomwambia mwanao kwamba wewe utakwenda. Vicent alipiga simu, spika ikiwa wazi, baba yake akasema "sawa" akatoka. Na wewe ulisema nini? Hukusema kitu. Mama yangu, mtoto aliposema hatakuja nyumbani alikuwa anawasikiliza wawili. Mmoja alikataa na mwingine akanyamaza, na kwenye simu hayo mawili yanasikika sawasawa. Ulifanya hivyohivyo kwa Ajji, hukula na hukukataa, ukajiambia utajua mbele ya safari. Hapa ndipo mbele ya safari.

Unamwogopa mumeo, au unaogopa kuonekana umeketi pale peke yako? Vyovyote vile, kaa. Kiti cha mama si cha baba, na hakuna mtu aliyekukataza kukikalia ila wewe.

Kwa hiyo kabla ya gari, kabla ya padri, kabla ya yote, mpigie Vicent leo. Usimweleze baba yake amefikia wapi, na asikuulize. Usimwombee radhi mtu mwingine. Mwambie, "Mwanangu, mimi nakuja Irving," na umwache alie kama atalia. Halafu kaushe macho uingie jikoni, maana Jumamosi una wageni kutoka mbali, na wengi wa dini yao hawagusi nyama. Muulize Lavanya wazazi wake wanakula nini. Ndizi anajua kumenya, akusaidie.

Shangazi Prudensia