Vyuma vya Zege vya Kaka Selemani

Jumapili, Kitangari

Safari hii zege halikupasuka. Nililimwaga wiki iliyopita kwenye sufuria mbili kuukuu za Mama, katikati nikasimamisha kipande cha bomba ili tundu libaki. Mama alinung'unika kuhusu maji ninayolimwagilia, maana tunayafuata mbali. Nilipomwambia ni vyuma vya mazoezi vya Kaka Selemani, akaniletea ndoo nyingine mwenyewe.

Tangu kaka aanguke kutoka kwenye mkorosho, miguu yake haina nguvu. Hospitali walisema mikono ndiyo itakayombeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti.

Jioni nilivipachika kwenye bomba fupi nikampa. Akavipima mkononi, akatabasamu.

"Hivi ni vya watoto, Rashidi."

"Anza navyo tu, kaka."

Akanyanyua mpaka jasho likamtoka. Nilimhesabia kwa sauti, kama yeye alivyokuwa akinihesabia zamani nyuma ya nyumba, mimi nimelala kwenye benchi, yeye amesimama upande wa kichwa changu tayari kulidaka bomba nikishindwa.

Namkumbuka sana yule kaka, na huyu yupo mbele yangu. Naona aibu hata kuandika.

Sijui kama atasimama tena. Naogopa kuuliza, na Mama pia haulizi.

Aliponirudishia bomba alikuwa anahema. Nikadhani atasema amechoka.

"Saruji imebaki?" akauliza.

"Imebaki kidogo."

"Basi kesho mwaga na vyako. Mwenzio sitaki kunyanyua peke yangu."