Mluzi wa Mpira wa Hewa

Mama Kulwa dada yangu, shikamoo, na usishtuke, mumeo ni mzima! Hapa machimboni Segese joto ni kali na dagaa wakavu kama vijiti, ila leo nimegombana mpaka sauti imenikauka.

Si unajua shemeji yuko kwenye shimo refu, hewa inapelekwa chini kwa mpira kutoka kwenye mashine. Ukiwa wazi unavuma tu, vuuu. Ukibanwa unapiga mluzi, basi walioko juu wanakimbia kuuachia. Leo mlinzi wa mpira kaenda chooni. Bwana mmoja mnunuzi wa mawe ya dhahabu, tumbo mbele, akatua kiroba chake juu ya mpira. Ukalia fiii! Nikamwambia, "Baba, toa hicho kiroba, watu wako chini!" Ananijibu, "Mama ntilie, songa ugali wako. Hizi kelele nazimaliza sasa hivi." Akaongeza kiroba cha pili! Hewa ikakatika kabisa, mluzi ukanyamaza, naye akacheka, eti ametengeneza.

Mayu wane, mama yangu! Ametengeneza kaburi! Nikamrushia mwiko, nikavivuta vile viroba mwenyewe. Mpira ukapiga mluzi tena, halafu ukavuma. Shemeji akapandishwa anahema kama mbuzi wa mnadani, na la kwanza akaniuliza, "Shemeji, ugali umeiva?"

Hasira hazijaniisha. Nimehamishia mafiga yangu pale pale kwenye mpira; anayetaka kutua mzigo autue juu yangu kwanza. Nibusie Kulwa na Doto, nawe lala dada yangu, masikio yangu yapo kazini.

Mdogo wako