Saa ya Ziada ya Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumatatu maana nimefanya jambo la aibu na sina wa kumwambia.

Mimi na mdogo wangu tunasoma chuo kimoja, darasa moja, tunalala chumba kimoja, na yeye macho yake ni hafifu tangu kuzaliwa, kwa hiyo kwenye mitihani anapewa karatasi yenye maandishi makubwa na saa moja ya ziada, mimi natoka swali la mwisho nimeliacha nusu, yeye bado kakaa anaandika, halafu matokeo yakija ananipita, na mama akipiga simu ni "mpe hongera mdogo wako", mimi je? Roho iliniuma, mshauri, nisikufiche. Mwezi uliopita nikamwona anatunga uzi kwenye sindano mara moja tu, nikasema ahaa, kumbe anaona! Nikaiandikia ofisi ya mitihani barua isiyo na jina kwamba anadanganya. Wamemsimamishia ile saa mpaka wachunguze, na mtihani wa mwisho ni Jumatatu, akifeli anarudia mwaka. Jana kaja kukaa kitandani kwangu, kaniambia, "Dada, nisaidie kuandika rufaa. Waambie huyo mtu hajawahi kuishi na mimi." Nifanyeje?

Dada Mtu

JIBU

Dada Mtu, pole, lakini kwanza nikuseme. Wenye macho hafifu uzi huutunga kwa vidole na ncha ya ulimi, na wewe unajua, umekua naye. Usinifanye mtoto! Ile saa si zawadi. Anaitumia kuitafuta mistari ambayo wewe unaisoma kwa kutupa jicho tu. Ni haki yake. Kama mama hakuulizi hali, mwambie mama, mdogo wako kakukosea nini? Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilichomo nguoni mwa mdogo wako ni wewe.

Kesho ofisi ikifunguliwa uwe mlangoni. Taja jina lako, futa ile barua kwa maandishi, omba saa irudishwe, na usiondoke bila jibu lenye muhuri. Wakikuadhibu, kubali. Kisha umwambie mdogo wako mwenyewe kabla hajasikia kwa karani. Usiseme shetani alikupitia, sema ulimwonea wivu. Atalia, pengine atahama chumba. Mwache. Jumatatu kafanye mtihani wako, na ukimaliza, mngoje nje mpaka dakika yake ya mwisho.